Jumba moja la Ufaransa, wenyewe 25,000: nani anaezeka paa la urithi?

Wiki mbili zilizopita tulisoma hewani habari fupi kuhusu majumba ya kale ya Ufaransa yanayotafutiwa fedha za ukarabati. Haikuzidi dakika moja. Nilidhani itapita kama zinavyopita habari nyingi za mbali, lakini ujumbe wenu ulijaa kwenye simu ya studio hadi mchana. Mmoja, kutoka upande wa Kilwa, uliandikwa hivi: "Kaka mtangazaji, hao Wazungu na pesa zao wanaachaje nyumba ya babu ianguke? Maana hata sisi nyumba ya mzee inaanguka. Tuko kumi na mmoja, kila mtu anamsubiri mwenzake."

Nilimjibu kwa kifupi, nikaahidi kuandika kwa urefu hapa kwenye tovuti ili mwenye nafasi asome taratibu. Nianze kwa kusema kwamba swali lake lina jibu ndani yake. Ufaransa nako, mara nyingi, jumba huanguka kwa sababu watu wanasubiriana.

Miti ndani ya sebule

Twende kwanza kwenye kijiji cha Les Trois-Moutiers, katika mkoa wa Vienne, magharibi mwa Ufaransa. Hapo kuna jumba linaloitwa La Mothe-Chandeniers. Limezungukwa na maji pande zote, kama kisiwa kidogo katikati ya msitu. Asili yake ni ngome ya karne ya 13. Enzi za vita vya Waingereza na Wafaransa lilitekwa na Waingereza mara mbili. Yalipokuja Mapinduzi ya Ufaransa, yaliyoanza mwaka 1789, likaporwa. Mwaka 1809 likanunuliwa na mfanyabiashara, na baadaye katika karne hiyo ya 19 warithi wakalijenga upya kwa mtindo wa minara myembamba yenye vichwa vilivyochongoka, kama zile picha za majumba ya wafalme kwenye vitabu vya watoto.

Tarehe 13 Machi 1932 likashika moto. Inaelezwa kwamba mfumo wa kupasha nyumba joto ulikuwa ndiyo kwanza umefungwa. Maktaba yenye vitabu adimu iliungua, fanicha ikaungua, na vitambaa vya thamani vilivyofumwa kwa ajili ya kutundikwa ukutani navyo vikateketea. Kuta za mawe zilibaki, lakini paa liliondoka.

Mjenzi yeyote atakwambia maana ya nyumba kubaki bila paa. Mvua ikaingia ndani. Mbegu zikaletwa na upepo na ndege, zikaota kwenye nyufa. Kufika miaka ya 2000, palipokuwa sebule na vyumba vya kulala palikuwa na miti mirefu inayochungulia juu ya kuta. Watu wakaanza kulipiga picha kutoka angani na kuzisambaza mtandaoni: jumba la hadithi lililomezwa na majani. Picha zile zilipendwa dunia nzima, na huku watu wanazipenda, mizizi inaendelea kupasua kuta.

Mwaka 2017 kampuni moja ya kuchangisha fedha mtandaoni, inayoitwa Dartagnans, ikishirikiana na chama cha watu wanaotetea majumba ya kale, ilitoa wazo ambalo wengi walilicheka. Badala ya kumtafuta tajiri mmoja, walisema: tulinunue sote. Kiasi kilichohitajika kilikuwa yuro 500,000, ambazo kwa thamani ya wakati ule ni kama shilingi bilioni 1.3 za Tanzania. Kiwango cha chini cha kushiriki kilikuwa yuro 50, kama shilingi laki moja na thelathini. Atakayetoa kiasi hicho hapewi asante peke yake. Anapata hisa, anakuwa mmoja wa wenye jumba.

Mpaka zoezi linafungwa, zilikuwa zimepatikana takriban yuro milioni 1.6. Walionunua walizidi 25,000, kutoka nchi zaidi ya 100. Kuna fundi bomba, kuna mwalimu, kuna bibi aliyewanunulia wajukuu zawadi ya Krismasi. Hakuna aliyeahidiwa utajiri, wala hisa ya yuro 50 haikupi chumba cha kulala ndani ya ngome. Walichopata ni sauti: kampuni inayomiliki jumba ina uongozi, ina mkutano wa wanahisa, na maamuzi yanapigiwa kura.

Kazi ya kwanza haikuwa kurudisha dhahabu wala vioo. Ilikuwa kuzuia lisiendelee kuanguka: kutegemeza kuta, kukata mimea inayobomoa, kuweka njia salama ya wageni. Wageni wakaanza kuja, wanalipa kiingilio. Hata swali la kama paa lirudishwe lote au gofu libaki gofu ni swali gumu, kwa sababu watu wengi walilipenda kwa ile miti yake. Mimi ningesema paa kwanza, lakini mimi sina hisa.

Kumi na mmoja na elfu ishirini na tano

Hapa ndipo penye fundisho ambalo nilitaka ndugu yangu wa Kilwa alione. Watoto kumi na mmoja wanashindwa kuezeka nyumba. Watu 25,000 wasiojuana, wanaozungumza lugha tofauti, wameweza kununua ngome na kuanza kuitengeneza. Kwa nini?

Tuangalie kwanza majumba haya yanavyofika kwenye kuchakaa. Zamani, kabla ya Mapinduzi, familia za kikabaila Ufaransa zilikuwa na desturi ya mtoto wa kwanza wa kiume kubeba sehemu kubwa ya urithi. Haikuwa haki kwa wadogo zake, na hata kidogo kwa dada zake, lakini jumba na mashamba yanayolilisha vilibaki mkononi mwa mtu mmoja. Mapinduzi yakaifuta desturi hiyo, na sheria kuu ya kiraia ya mwaka 1804, iliyotungwa chini ya Napoleon, ikathibitisha kwamba watoto wanarithi sawa. Ni haki, na hakuna anayetaka kurudi nyuma. Ila jumba la vyumba arobaini haligawanyiki kama mahindi.

Kinachotokea ni hiki. Mzee anafariki, anaacha watoto wanne. Jumba linakuwa la wote kwa pamoja. Mmoja anaishi Paris, mwingine yuko Kanada, wa tatu hana kazi, wa nne ndiye anayekaa karibu na ndiye anayeona maji yakivuja. Kuuza kwa kawaida kunataka wote wakubali, ingawa siku hizi ipo njia ya walio wengi kwenda mahakamani kuomba ruhusa. Kutengeneza kunataka fedha kutoka kwa kila mmoja. Halafu kuna kodi ya urithi, ambayo kwa watoto wa marehemu inaweza kufika asilimia 45 kwa ile sehemu ya juu kabisa ya mali. Wengine wanauza msitu na mashamba kwanza ili kulipa kodi. Jumba linabaki peke yake, bila shamba lililokuwa linalilisha. Baada ya kizazi kimoja tena, wale wanne wamekuwa kumi na wawili, na baadhi yao hawajawahi kulala humo hata usiku mmoja.

Maji hayasubiri kikao cha familia. Kigae kimoja kikihama, tone linashuka kwenye boriti ya mwaloni. Boriti ikilowa muda mrefu, kuvu linaingia. Ufaransa wanaliogopa sana kuvu moja linalokula mbao, maana linaweza kupenya hata kwenye ukuta wa mawe kutafuta ubao mwingine wa kula. Mfereji wa juu ukiziba majani, maji yanamwagika ukutani, na majira ya baridi maji yaliyo ndani ya ukuta yanaganda, yanatanuka na kupasua jiwe. Kazi ya mtu mmoja mwenye ngazi, mchana mmoja, inageuka kuwa kazi ya kreni na mafundi ishirini.

Sasa linganisha na wale 25,000. Siyo kwamba wanapendana kuliko ndugu. Tofauti yao na wale warithi ni karatasi. Kabla mtu hajatoa yuro 50 yake alijua anamiliki kiasi gani, nani anaamua nini, kura zinahesabiwaje, na fedha zinawekwa wapi. Hakuna mwanahisa mmoja anayeweza kuzuia kazi kwa kutopokea simu. Wanawake wa vikoba wanaonisoma hapa wanalijua hili kuliko wataalamu: mnakaa watu thelathini, hamna undugu, lakini kuna katiba, kuna daftari, kuna sanduku lenye kufuli tatu. Ndugu hatuandikiani, tunaona ni kama kutoaminiana. Nyumba inaanguka tukiwa tunaaminiana.

Mkono wa serikali, na wa bahati nasibu

Mwingine wenu aliuliza: kwani serikali ya Ufaransa iko wapi? Ipo, na kwa muda mrefu. Sheria ya tarehe 31 Desemba 1913 ndiyo msingi wa ulinzi wa majengo ya kihistoria. Leo majengo yaliyo kwenye orodha yanakaribia 45,000, na zaidi ya asilimia 40 ni mali ya watu binafsi. Jengo likishaingia kwenye orodha, mwenyewe habomoi wala habadilishi atakavyo. Hata rangi ya dirisha inaweza kuhitaji kibali. Kwa majengo yenye ulinzi wa ngazi ya juu, serikali inaweza hata kumlazimisha mwenyewe afanye ukarabati, lakini ikimlazimisha nayo inabidi ichangie angalau nusu ya gharama.

Kuna pia nafuu ya kodi. Mwenye jumba lililoorodheshwa anaweza kuondoa gharama za ukarabati kwenye mapato yake yanayotozwa kodi. Lakini kuna sharti ninalolipenda: akitaka nafuu yote, afungue milango. Sheria imetaja mpaka siku: ama siku 50 kwa mwaka, ambazo 25 kati yake ziwe siku zisizo za kazi kati ya Aprili na Septemba, au siku 40 katika miezi ya Julai, Agosti na Septemba. Asipofungua, kwa kawaida anapata nafuu ya nusu tu. Kwa maneno ya mtaani: ukitaka wananchi wakusaidie paa, wananchi nao wapite chini yake. Warithi nao wanaweza kusamehewa kodi ya urithi kwa jengo la namna hiyo, kama wataingia mkataba na serikali wa kulitunza na kuwaruhusu watu kuliona.

Tangu mwaka 2018 kuna njia nyingine iliyozua maneno mengi: bahati nasibu ya urithi. Mwandishi na mtangazaji wa televisheni Stéphane Bern alipewa jukumu na Rais Emmanuel Macron mwaka 2017 la kutafuta namna ya kuokoa majengo yaliyo hatarini, hasa ya vijijini. Wakaja na tiketi za kukwangua zenye picha za majumba na makanisa. Tiketi ya kwanza iliuzwa yuro 15. Unajua kiasi gani kilikwenda kwenye majengo? Yuro 1.52. Kiasi kilichobaki kiligawanywa kwenye zawadi za washindi, gharama za mchezo na kodi.

Kodi ndiyo iliyoleta ugomvi. Bern mwenyewe alilalamika hadharani kwamba haiwezekani serikali iite watu waokoe majengo yake halafu itoze kodi kwenye mchango huo huo, akatishia kuachia ngazi. Serikali ikaja na nyongeza ya yuro milioni 21 kutuliza mambo. Mchezo umeendelea kila mwaka na mamia ya majengo yamesaidiwa: majumba, vinu vya upepo, makanisa ya vijiji, hata viwanda vya kale. Upande wangu sipendi sana watu wa kipato cha chini wakwangue tiketi ili jumba la kabaila lipate vigae. Lakini nakiri kwamba fedha zile zimefika kwenye vijiji ambavyo tajiri wa Paris asingevitaja.

Na tofauti ya mjini na kijijini ni kubwa kweli. Kanisa la Notre-Dame lilipoungua mjini Paris tarehe 15 Aprili 2019, michango ilifika takriban yuro milioni 840, na kufika Desemba 2024 kanisa likafunguliwa tena. Ahadi za mamia ya mamilioni zilitolewa ndani ya siku chache, kamera zikiwa bado zinaonyesha moshi. Jumba la kijijini halianguki mbele ya kamera. Linaanguka kigae kimoja kimoja, usiku, mvua ikinyesha.

Tajiri wa sukari, na wanandoa wa televisheni

Isieleweke kwamba njia ya watu wengi ndiyo pekee. Kuna jumba la Vaux-le-Vicomte, kama kilomita 55 kusini mashariki mwa Paris. Lilijengwa na Nicolas Fouquet, msimamizi wa fedha wa Mfalme Louis wa 14. Tarehe 17 Agosti 1661 Fouquet akamwalika mfalme kwenye sherehe ambayo watu wanaisimulia mpaka leo. Haikupita hata wiki tatu, tarehe 5 Septemba, akakamatwa, na alikufa akiwa kifungoni. Aliyemkamata ni askari anayeitwa d'Artagnan, yule yule aliyekuja kufanywa shujaa wa riwaya, na ambaye jina lake linasikika kwenye ile kampuni ya kuchangisha. Historia ina vichekesho vyake.

Katikati ya karne ya 19 jumba hilo lilitelekezwa kwa miaka karibu thelathini. Bustani zake maarufu zikawa pori. Mwaka 1875 likapigwa mnada na kununuliwa na Alfred Sommier, mwenye kiwanda cha kusafisha sukari. Alitumia mali yake na maisha yake yaliyobaki kulirudisha, bustani kwa nyumba. Mwaka 1968 wazao wake wakalifungulia umma, na mpaka leo liko mikononi mwa familia hiyo, likipokea mamia ya maelfu ya wageni kwa mwaka. Lakini angalia tarehe: ni zaidi ya miaka 90 kati ya kununua na kufungua milango kwa umma. Tajiri mmoja anafanya haraka kwenye paa, halafu anaamua peke yake lini wengine waone.

Siku hizi kuna kundi la tatu, watu wa kawaida kutoka nje wanaovutiwa na bei. Waingereza Dick na Angel Strawbridge walinunua jumba la Motte-Husson, kaskazini magharibi mwa Ufaransa, mwaka 2015 kwa pauni 280,000. Kwa thamani ya wakati ule ni zaidi ya shilingi milioni 700. Vyumba 45, maji yamelizunguka. Fedha hizo London zinaweza kuishia kwenye nyumba ndogo ya ghorofani. Ila jumba lilikuwa halijakaliwa kwa miaka 40 hivi, halina umeme wala maji wala joto. Wao waliokolewa na kipindi cha televisheni kilichowafuata kwa miaka, pamoja na harusi walizoziandaa hapo. Asiye na kamera anunue kwa tahadhari. Bei ya jumba la namna hiyo ni kiingilio tu. Mchezo wenyewe unalipiwa ndani.

Chokaa, siyo saruji

Fedha zikipatikana bado kuna swali la mikono. Kuta za mawe za kale zilijengwa kwa chokaa. Chokaa ni laini, inapumua: unyevu ukiingia ukutani unapata njia ya kutoka. Katika karne ya 20 watu wengi waliziba nyufa kwa saruji wakidhani wanaimarisha. Saruji ni ngumu, haipitishi unyevu, maji yanakwama nyuma yake na jiwe linaanza kumomonyoka. Leo sehemu ya kazi ya ukarabati Ufaransa ni kubandua saruji iliyowekwa na waliotaka kusaidia.

Ndiyo maana mafundi wanaojua chokaa, kuchonga jiwe na kupasua mwaloni kwa shoka wanatafutwa. Huko Guédelon, katika jimbo la Burgundy, tangu mwaka 1997 wanajenga ngome mpya kabisa kwa zana na njia za karne ya 13, bila kreni ya injini. Wengi waliona ni mchezo wa watalii. Notre-Dame ilipohitaji maseremala wa kuchonga boriti kwa shoka, ujuzi uliotunzwa kwenye mradi ule ulikuwa miongoni mwa uliotumika.

Wazee wa Kilwa mnaosoma hili hamhitaji kufundishwa chokaa. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa hapo hapo. UNESCO iliyaweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, ikayaweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na kuyaondoa humo mwaka 2014 baada ya kazi ya kuyaimarisha. Sehemu ya fedha za kazi hiyo, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilitoka Ufaransa na Japani. Kwa hiyo Wafaransa wametengeneza magofu hata kwetu.

Jumba lililokula watu

Na hapo sina budi kueleza upande mwingine wa historia hiyo. Tarehe 14 Septemba 1776, Mfaransa Jean-Vincent Morice alitiliana mkataba na Sultani wa Kilwa: kila mwaka auziwe watumwa 1,000. Walikuwa wanapelekwa kwenye visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi, yaani Mauritius ya leo, ambayo wakati ule iliitwa Île de France, na Réunion.

Réunion bado ni sehemu ya Ufaransa, na kule nako kuna majumba ya kihistoria. Moja ni la Villèle, magharibi mwa kisiwa, lililojengwa miaka ya 1780 na familia ya Desbassayns. Lilikuwa na mashamba ya kahawa na pamba, baadaye miwa. Bibi mwenye nyumba, Ombline Desbassayns, aliyefariki mwaka 1846, alimiliki mamia ya watumwa. Watumwa wa Réunion walitoka hasa Madagaska na pwani ya Afrika Mashariki. Utumwa ulifutwa huko tarehe 20 Desemba 1848.

Mwaka 1974 serikali ya kisiwa ilinunua jumba hilo, na miaka miwili baadaye likafunguliwa kama makumbusho. Leo mgeni haoni vyombo vya sebuleni peke yake. Jengo lililokuwa hospitali ya watumwa bado limesimama, na makumbusho yale yanaeleza habari za waliofanya kazi bila malipo. Hii ndiyo faida ya jengo kuwa mikononi mwa umma: wajukuu wa walioteswa nao ni wenyewe, wanaweza kudai simulizi iwe kamili. Ukarabati wa paa bila simulizi hiyo ungekuwa ni kumsafishia nyumba bibi Desbassayns kwa mara nyingine. Wengi wa waliopandishwa mashua Kilwa hawana kaburi linalojulikana, wala nyumba iliyobaki kwa jina lao. Kwa baadhi yao, ukuta wa hospitali ile ni moja ya alama chache zilizobaki.

Nilimpigia ndugu yetu wa Kilwa kabla ya kuandika haya. Nyumba ya mzee ni ya mawe, upande mmoja bati zimeng'oka tangu masika yaliyopita, na ndugu wawili wanataka iuzwe. Nilimuuliza kama kuna msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa. Akasema mzee alifariki mwaka 2009 na hawajawahi kukaa kikao. Nikamuuliza wako wangapi wenye simu janja. Akasema tisa kati ya kumi na mmoja. Amefungua kundi la ukoo, na kitu cha kwanza alichotuma humo ni picha ya lile jumba lenye miti ndani. Dada yake mkubwa amejibu kwamba atatoa bati sita, ila anataka iandikwe.

Jumamosi saa tatu asubuhi, kwenye kipindi cha Nyumba na Ardhi, tutakuwa na msaidizi wa kisheria studioni kuzungumzia nyumba za urithi zisizo na msimamizi. Tuma swali lako mapema, taja wilaya tu, jina siyo lazima.